Vioo Mbele ya Namba Tisa

Uji wa shayiri ulikuwa umeanza kuganda bakulini, na kiti cha Una kilikuwa kitupu. Mama yake, Dervla, alimwita mara mbili bila kujibiwa. Aliposogeza pazia la sebuleni ndipo alipomwona: mtoto wa miaka kumi, amevaa sare ya shule, yuko ng'ambo ya barabara akifagia vipande vya vioo kwa ufagio uliomzidi kimo.

Nyumba ile, namba tisa, ilikuwa ya Rawan, aliyesoma darasa moja na Una, na wazazi wake waliotoka Syria. Jana jioni kundi la watu lilikuwa limevunja madirisha yote ya mbele. Dervla alilisikia kila jiwe. Alifunga pazia, akamvuta bintiye kando, akamwambia, "Hayatuhusu." Una alimtazama mama yake kama mtu anayesoma neno asilolijua, kisha akapanda kulala.

Tangu kiwanda cha nyama kifungwe, mji wao mdogo wa Ireland ulikuwa umebadilika sura. Watu waliozoea kuazimana ngazi na majembe sasa walipishana wakitazama chini. Dervla, aliyefiwa na mumewe wakati Una akiwa bado mdogo, alikuwa amejifunza kuishi kwa kunyamaza, na aliuona ukimya huo kuwa urithi salama kuliko wowote. Zilikuwapo siku alizojiuliza, kwa aibu, kama alitenda haki kumleta kiumbe mwingine katika dunia ya namna hii.

Sasa wanaume wanne wa kundi lile walikuwa wamerudi mbele ya namba tisa, mikono mifukoni. Mmoja wao alikuwa Malachy, mdogo wake Dervla wa tumbo moja.

"We mtoto, umeanza lini kuwa mfagizi wao?" mmoja aliuliza, na wenzake wakacheka.

"Rawan anatokea mlango huu," Una alisema. "Atajikata."

"Si arudi akatokee kwao!"

Kicheko kikazidi. Una aliendelea kufagia mpaka ufagio ukagonga kiatu kikubwa cheusi. Akainua uso.

"Mjomba, inua mguu. Umekanyaga kioo."

Kicheko kilikatika ghafla. Malachy hakusogea.

Dervla hakukumbuka baadaye alivyovuka barabara. Alikumbuka tu kwamba alikuwa na kizoleo mkononi.

"Dada, mwondoe mwanao," Malachy alimwambia kwa sauti ya chini. "Watu watamwelewa vibaya."

"Watu gani, Malachy? Mimi nakuona wewe." Alikielekeza kizoleo kwenye kiatu chake. "Umesikia alichokwambia. Inua mguu."

Malachy alimtazama mpwa wake, yule aliyembeba mabegani siku ya mazishi ya shemeji yake. Akauinua mguu. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akabaki pale barabarani, hayuko na wenzake wala hayuko na dada yake.

"Vipi, Mal, umeshaogopa katoto?" mmoja alimtania.

Dervla alipiga magoti, akaanza kuokota vipande vikubwa kwa mkono. Hofu haikumtoka, ilikuwa imekaa palepale kifuani, nzito kama mkate mbichi. Lakini pembeni yake palikuwa na kitu kingine ambacho hakukijua jina. Nani alimfundisha mtoto huyu? Si yeye. Au labda ni yeye, katika siku fulani aliyokwisha kuisahau.

Mlango wa namba tisa ukafunguka kidogo, kisha wote. Mama yake Rawan alitoka na ndoo. Aliwatazama wanaume, akamtazama Dervla, akachuchumaa kando yake. Vidole vyake vilikuwa vimefungwa vitambaa.

"Polepole," Dervla alimwambia. "Huku kwenye nyasi vimejificha."

Mbali kidogo, kengele ya shule ikalia. Dervla akajifuta mikono kwenye sketi.

"Una, utachelewa."

Una aliegemea ufagio, akachungulia ndani ya korido yenye giza, ambako msichana mdogo alikuwa ameketi sakafuni.

"Rawan bado anavaa viatu," alisema.

Basi wakamngoja.