Kiboko cha Afande

Nilipotoka jeshini, kila mtu alinitafutia lango la kulinda. Shangazi Bonareri alisema kiwanda cha chai kinataka askari. Kaka yangu Ratemo alisema kuna benki Sotik inataka askari. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ninataka nini. Mimi nilitaka kufundisha hesabu. Kule Eldoret niliwafundisha makurutu kusoma ramani, na nilijua kazi hiyo naiweza. Basi kiinua mgongo changu nikakipeleka chuo cha ualimu, huku Ratemo akicheka kwamba dada yake ni mwanafunzi mwenye mvi. Acha acheke.

Kwa mazoezi ya kufundisha nilipangiwa shule moja nje ya Ndanai, Gredi ya Saba. Mwalimu mkuu, Bwana Kipkurui, alinipokea kwa mikono miwili. Kumbe alikuwa ameshawaambia watoto kwamba anawaletea afande aliyetoka vitani Somalia. Siku ya kwanza nilipoingia darasani walisimama wima, mikono ubavuni, macho ukutani. Nikauliza swali, kimya. Nikaandika jibu la uongo ubaoni makusudi, labda mtu atanisahihisha. Wakalinakili kosa langu kwa mwandiko mzuri kabisa. Moyo uliniuma, sitaficha.

"Afande, hapa tunataka nidhamu," Bwana Kipkurui aliniambia ofisini, akiniwekea kiboko mezani. "Hesabu watajua tu. Wewe nyoosha hawa watoto, na mimi nitaambia bodi ikuajiri. Ukikataa, naandikia chuo chako kwamba hufai."

"Viboko vilipigwa marufuku, Mwalimu."

"Hiyo ni ya Nairobi."

Nilikiacha kiboko chake palepale mezani. Naye akangoja siku ya mkutano wa wazazi.

Ilikuwa Ijumaa, na mvua ilikuwa imeharibu barabara. Huku kwetu mtoto hubeba maziwa ya nyumbani mpaka mahali gari la maziwa linapopita, na haondoki mpaka yapimwe. Siku ya tope gari huchelewa, na mtoto naye huchelewa. Kila mtu anajua. Bwana Kipkurui mwenyewe ana ng'ombe, ila maziwa yake hupelekwa na kibarua.

Paredi ilikuwa imeshaanza, wazazi wameketi kwenye viti vya plastiki, wakati kundi la watoto wa darasa langu lilipoingia na makopo matupu ya maziwa. Mbele yao alikuwa Chepkemboi, msichana mwembamba, tope mpaka magotini.

"Wachelewaji, mstari!" Bwana Kipkurui alifoka. Kisha akawageukia wazazi, meno nje. "Wazazi, leo mtaona jeshi likifanya kazi." Akanipa kiboko. "Afande, endelea."

Chepkemboi aliweka kopo chini, akanyoosha kiganja kabla hajaambiwa. Kile kiganja ndicho kilichonichemsha damu. Nimebeba bunduki miaka mingi, na sijawahi kumpiga mtu aliyesimama mbele yangu mikono mitupu. Ningeanza na mtoto aliyetoka kupeleka maziwa?

Nilitembea mpaka mwisho wa mstari, nikakiweka kiboko chini kando ya makopo, nikasimama na watoto wangu.

"Afande, unafanya nini?"

"Jeshini, kikosi kikichelewa paredi, sajini wake ndiye anajibu kwanza. Hawa ni wangu. Anza na mimi." Nikanyoosha kiganja.

"Usiniletee mambo ya jeshi hapa!"

"Ni wewe uliyeyataka, Mwalimu."

Kwenye viti vya plastiki mtu aliangua kicheko. Halafu Rodah, mama yake Chepkemboi, akainuka, akakaza leso kiunoni, akaja kusimama nyuma yangu.

"Mimi ndio nilituma huyu na maziwa," alisema. "Kama ni kuchapa, chapa mimi pia."

Mama mwingine akamfuata. Akaja Mzee Joab wa bodi akiburuta mkongojo, maana mjukuu wake alikuwa mstarini. Wengine wakaacha viti bila kuitwa. Mstari ukapita mlingoti wa bendera, na Bwana Kipkurui akabaki akitazama viganja vya watu wazima.

"Nendeni darasani," alisema mwishowe. Nilipompita akaninong'oneza, "Ripoti yako naandika leo."

"Andika. Andika kwamba nilikataa kuchapa, na uandike kwa herufi kubwa."

Maneno makali, lakini nilipofika ubaoni nilikuwa nimesahau somo nililopanga. Nilikuwa na hasira, na niliogopa pia. Nilijua kazi huenda nimeitupa mbele ya umati. Nikaandika hesabu ya kwanza iliyonijia, nikaandika na jibu, nikageuka.

Mkono wa Chepkemboi ulikuwa juu, bado una tope.

"Mwalimu, hapo umekosea."

"Wapi?" nikauliza kwa ukali, maana safari hii sikuwa nimekosea makusudi.

"Saba mara nane si hamsini na nne." Mkono hakuushusha. "Ni hamsini na sita."

Nilitazama ubao. Kweli. Nyuma yake mikono mingine ilikuwa inainuka, na dirishani Bwana Kipkurui alikuwa amesimama na kalamu yake. Nikampa Chepkemboi chaki.

"Njoo unisahihishe," nikamwambia. Kisha nikaligeukia dirisha. "Ingia, Mwalimu. Na hili liandike."