Kivuli cha Mfamasia

Kasuku wa fundi cherehani alianguliwa ndani ya droo ya vifungo, akakulia chumba hicho hicho, na anga alilolijua ni kile kipande chembamba kilichoonekana kati ya paa la kibaraza na ukuta wa jirani. Hakuna aliyemfundisha mwewe ni nini. Hata hivyo, mwewe alipopita juu, kasuku aliyekuwa akipiga soga na wateja ("Karibu mteja! Vuta pumzi tukupime!") alitoa mlio mmoja mkali, akabana manyoya, akaelekeza jicho moja juu, akaganda. Aliwatukana kunguru. Hakuwajali njiwa. Mlio ule aliuweka kwa mwewe tu.

Alasiri moja fundi alikuwa akipiga pasi kola na mdogo wake akishona vifungo, mtu akapiga hodi. Kasuku akalia mlio ule ule, akaganda. Jua lilikuwa nyuma ya mgeni, na kivuli kilichotangulia sakafuni kilikuwa cha mwewe: mabawa mawili, mkia, mdomo uliopinda. Nyuma ya kivuli akaingia mfamasia, mchumba wa mdogo mtu, mpole, kucha zimekatwa vizuri.

"Karibu baba," alisema mama yao. "Pita, ila usikanyage vitambaa."

Mfamasia alivuka vitambaa kwa uangalifu. Kivuli kilivikanyaga vyote.

Alikuwa amemletea mama dawa za presha, zile zilizoadimika kila duka isipokuwa lake. Mtu anayekuletea uhai mkononi humuulizi mengi, na mama hakuuliza. Ilijulikana kwamba mke wa kwanza wa mfamasia alirudi kwao, na mpaka leo huzungumza kwa kunong'ona. Watu walisema ni maradhi ya koo, na watu hawakosi la kusema.

"Dada, umekiona kivuli?" mdogo mtu aliuliza mgeni alipoondoka.

"Nimekiona."

"Na kasuku je?"

"Kasuku anaogopa suti. Ile mistari ya kahawia iko kama kifua cha mwewe."

"Wewe nawe! Kila kitu kwako kitambaa."

"Kwani unaolewa na kivuli?" mama akadakia.

Mdogo mtu akacheka, lakini alikuwa anaogopa, na dada yake aliiona hofu hiyo waziwazi. Akajipa moyo kwamba tatizo ni mshono. Mafundi ndivyo walivyo: mtu akikaa vibaya machoni, wao hutazama mabega ya koti.

Akamshonea mfamasia suti mpya ya bluu, kitambaa kitupu kisicho na mstari hata mmoja. Alipokuwa akimpima, kivuli ukutani kiliinua bawa ili futi ya kamba ipite. Fundi akakipima nacho, kwa kuwa fundi hupima kilichosimama mbele yake, na toka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa kilitoka kabatini mpaka mlangoni. Akapunguza mabega ya koti. Akashusha pindo la nyuma ili mkia upate pa kujificha. Mfamasia alijitazama kwenye kioo, akashukuru kwa heshima zote, na kweli suti ilimkaa. Kasuku akalia, akaganda, na mgeni alipotoka akaanza kujinyonyoa manyoya ya kifuani.

"Ndege huyu hana adabu," mama alisema. Akamtia tunduni, akalifunika tundu kwa kipande cha bitana.

Wiki ya harusi, wakiwa wawili tu, fundi alisema, "Kama hutaki, sema sasa hivi. Nitasimama na wewe."

"Na dawa za mama?"

"Tutatafuta njia."

"Njia ipi, dada?"

 Fundi aliitafuta kichwani huku sindano imemning'inia mdomoni, na alipoikosa aliona aibu, akaendelea kutia shanga kwenye gauni la harusi.

Siku ya harusi jua lilikuwa kali na kila kivuli kilionekana vizuri. Mpiga picha aliwapanga ndugu wa pande zote mbili, akachungulia kwenye kamera, akainua mkono.

"Bwana harusi, samahani, kunja bawa la kushoto kidogo. Linamfunika shangazi."

Mfamasia akaomba radhi, akalikunja. Shangazi akashukuru. Picha zilitoka nzuri, na ile kubwa mama aliitundika sebuleni.

Miezi ikapita. Katikati ya msimu wa joto, mdogo mtu alikuja kushonewa. Mumewe alibaki nje kwenye gari, na kivuli chake kiliingia dirishani mpaka juu ya cherehani. Kasuku alikuwa ameganda. Fundi alisogeza meza mahali penye mwanga, akachukua futi.

"Nataka magauni matatu. Mikono mirefu, na kola ipande mpaka hapa," akagusa chini ya kidevu.

"Joto lote hili?"

"Pima tu, dada."

Fundi akamwambia ainue mkono. Uliinuka mpaka usawa wa bega, ukakataa. Wakatazamana, na fundi akahisi uchungu ambao hakuwahi kuuhisi hata kwenye msiba.

"Mwambie umesahau kitu. Baki hapa."

"Atapiga hodi," mdogo mtu akajibu, "na mama atamkaribisha."

Fundi alikata kitambaa kama alivyoombwa. Mikononi aliacha upindo mpana, ili ikibidi ishushwe mpaka vidoleni.