Siki ya Bibi Mwanamize

Nasimulia haya nikiwa bado na hasira, na sioni sababu ya kuipoza.

Bosi wangu, Abu Yazid, ana shamba la mizabibu Uingereza. Zabibu zake si za kula, ni za mvinyo. Nyumbani kwake Olaya, jijini Riyadh, nimewaandalia wageni kahawa na tende mara nyingi huku yeye akiwaonyesha picha kwenye televisheni: vilima, ukungu, mvua, mistari ya mizabibu imenyooka. Anawaeleza kwamba zamani upande ule walifuga kondoo na kupanda matufaha tu, kwa sababu baridi haikuziacha zabibu ziive. Sasa kiangazi kimepata joto, na kila mwaka kilima kingine kinapandwa. Baridi ikitishia kuua machipukizi, wakulima wanawasha mishumaa mikubwa katikati ya mistari. Mvinyo wao wa mapovu siku hizi unashindanishwa na wa Wafaransa. Akifika hapo huweka mkono kifuani.

"Mimi nakodisha ardhi tu," husema. "Wanachokamua si changu."

Wageni hucheka. Mimi humimina kahawa.

Mwaka huu nilitaka kitu kimoja tu: kufika Nyeri kwa ruracio ya binti yangu Valary, siku ambayo upande wa mwanamume huja kuzungumza mahari. Nimemlea peke yangu. Nani angekaa mbele ya wale watu, mimi nikiwa huku napangusa vioo? Mkataba ulikuwa umeisha, lakini ruhusa ya kutoka nchini huitoa kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini. Asipoibonyeza kwenye simu yake, huendi popote. Abu Yazid alikuwa ameniahidi.

Kabla ya hapo mimi na mkewe, madam, tulikwenda Jeddah kwa mama yake, anayekaa karibu na Balad, mji wa kale. Mama huyo, Bibi Mwanamize, aliondoka Unguja akiwa mtoto, baada ya mapinduzi, na Kiswahili chake hakijashika kutu. Kila msimu wa zabibu za Taif hujitengenezea siki mwenyewe. Alinikabidhi mtungi wa kioo wenye maji ya zabibu twende nao Riyadh.

"Funika kitambaa tu, mwanangu, usikaze kifuniko. Yatachemka, yatanuka, usiyamwage. Yaache mpaka yatulie yawe siki."

Madam Hana alikuwa amesimama papo hapo, anasikia kila neno. Kiswahili anakijua vizuri, ndicho alicholelewa nacho. Lakini mbele ya mumewe na watu wa mumewe anajitia hakijui. Wiki yangu ya kwanza nilimsalimia kwa furaha, nikidhani nimepata ndugu. Akanikata: "Swahili mafi." Hakuna Kiswahili hapa. Nikajifunza Kiarabu.

Wiki ya safari yangu, Abu Yazid aliingia stoo kutafuta chetezo cha udi. Harufu ikampokea. Akatoka na mtungi mikononi, akautua kwenye meza ya sebuleni mbele ya wageni, akaniita.

"Pombe! Ndani ya nyumba yangu!"

"Baba, ni siki ya mama yake madam. Bado haijaiva."

"Nyinyi Wakristo wa Kenya nawajua. Nawaita polisi. Na ile ruhusa, mafi!"

Nikamgeukia madam. "Madam, si ulikuwepo? Mwambie!"

Alitazama zulia. "Sijui lolote," akasema kwa Kiarabu.

Hapo damu ikanichemka. Nikaacha Kiarabu, nikaacha na umadam. "Hana! Aki nina mtoto wa kuozesha. Sema ukweli!"

Akanijibu polepole, kwa Kiswahili safi cha Unguja: "Nyamaza, nakuomba. Usinitie aibu mbele za watu."

Aibu! Mimi niende jela ili isijulikane kwamba mama yake anasema Kiswahili na kukamua zabibu jikoni. Nikatoa simu mfukoni, nikampigia Bibi Mwanamize, nikaweka spika, nikamweleza. Akamtaka mkwewe. Aliongea Kiarabu cha Jeddah, taratibu, kila mgeni akasikia.

"Yangu hiyo. Iko njiani kuwa siki. Ukiita polisi, walete kwangu, nyumba unaijua. Na wakija, waonyeshe pia lile shamba lako la baridi. Zabibu zangu zinaishia kwenye saladi, mwanangu. Zako zinaishia wapi?"

Mgeni mmoja alipaliwa na kahawa. Hakuna aliyecheka.

Abu Yazid alichukua simu yake, akabonyeza ile ruhusa. "Halas, yaishe," akasema. "Yalla, rudi kazini." Neno la kuniomba radhi halikumtoka. Alinitukana mbele ya watu wazima, akaagiza kahawa nyingine, na mimi ndiye niliyekwenda kuipika.

Siku ya kuondoka, dereva alikuwa ameshapakia begi langu. Madam akanifuata mlangoni, peke yake, na mfuko wa tende. Mumewe hakuwepo, wageni hawakuwepo.

"Nisamehe, Keziah," akasema kwa Kiswahili. "Nisalimie Valary. Mwambie namuombea heri."

Kumbe hata jina la mwanangu alilijua. Alikuwa analia. Nikamtazama machoni, nikamwachia tende zake mkononi.

"Swahili mafi, madam," nikamwambia, nikaingia garini.