Kofia ya Kukulia

Mimi ni fundi cherehani, na sijawahi kumshonea mtoto nguo bila kumwachia nafasi ya kukulia. Kitinda mimba wangu sasa ana miaka ishirini na saba, mkunga kamili, na magauni yake ya kazini bado nayakunjia vidole vinne vya pindo kwa ndani. Ananicheka. Acha acheke, mtoto kwa mzazi hakui.

Zahanati ilipompa pikipiki ya kuwafuata wajawazito majumbani, roho yangu haikutulia. Nikamwambia haipandi mpaka twende wote kwenye duka la vifaa vya pikipiki, nimchagulie kofia na nguo za kujikinga mimi mwenyewe.

Duka lilikuwa kimya mchana ule. Feni ilizunguka kivivu, jua likapenya kwenye vioo vya kofia na kumwaga rangi sakafuni, ya asali, ya zambarau, nikawa natembea kama niliye usingizini. Jaketi lenye kinga viwikoni tulilipata upesi, na glavu, na buti za kufunika vifundo. Kisha nikajivisha kofia moja. Loo, dunia ikasogea mbali! Nikasikia pumzi zangu tu, taratibu, nikasahau hata nilichofuata. Nikawaza, labda hivi ndivyo alivyosikia alipokuwa tumboni mwangu.

Nikamchagulia nyekundu, kubwa, inayoingia bila kusukumwa. Muuzaji, bwana mpole wa maneno machache, aliuliza kama haimpwayi. Nikamjibu kwamba vipimo ndiyo kazi yangu, yeye auze tu.  Akamfunga binti yangu mkanda kidevuni, akaukaza, kisha akaisukuma kofia kutoka kisogoni kwenda mbele.

Ikatoka. Mkanda umefungwa vilevile, na kofia iko mikononi mwake, tupu, kioo kikinielekea. Binti yangu alisimama palepale, mzima, anacheka, lakini mimi nilijikuta nimekaa juu ya boksi la buti.

"Mama," muuzaji akasema, "hii hainunuliwi ya kukulia."

Akaleta ndogo. Ilimbana mashavu hadi midomo ikachongoka, kama siku ile ya kwanza nilipomvisha kofia ya sufu. Muuzaji akasukuma, akavuta, haikubanduka. Nilitaka kusema inamuumiza, tutafute nyingine. Binti akanishika mkono.

"Mama, mimi nimeshakua."

Tukachukua hiyo. Kesho yake asubuhi akavaa kila kitu, akawasha pikipiki. Nilimwita nimwambie aende polepole, lakini masikio yalikuwa yamefunikwa, hakugeuka. Nikamtazama mpaka kona ikammeza.

Nikarudi kwenye cherehani. Gauni lake la pili lilikuwa mezani. Nikafumua pindo, nikalipiga pasi, nikapima vidole vitatu vya kukata na kimoja cha kubakiza. Nikakata, na mkato ukanyooka.