Kisahani cha Wazoefu

Dada wa duka la michezo alituuliza, mimi na shemeji yangu, kama tumewahi kucheza gofu ya visahani, ule mchezo wa kurusha visahani vya plastiki hadi viingie kwenye kikapu. Shemeji akasema hajawahi, akapewa kisahani chepesi cha mwendo wa taratibu. Mimi nikajitia ujuzi. "Nipe kile cha kasi," nikasema, "mimi mzoefu."

Uwanjani nilirusha mara tatu, na mara zote kilikata kushoto kikatumbukia mtaroni. Cha shemeji kilielea polepole hadi kwenye kikapu cha minyororo. Hakunicheka. Alininyooshea chake, akasema kwa upole, "Tutumie hiki wote, shemeji."

Niliona haya hata kukipokea.

Jumatatu nilirudi dukani peke yangu. "Dada, nilikudanganya," nikamwambia. "Hata kukishika nilikuwa sijui."