Tai ya Mheshimiwa Birindwa

Jumamosi hiyo ya Machi 2014, akina mama wa kanisa la Wakongo kule ughaibuni, Inver Grove Heights, walikuwa jikoni tangu asubuhi wakipika bugali na sombe ya majani ya muhogo, kwa sababu Mheshimiwa Birindwa alikuwa anakuja. Theluji ilikuwa bado imejaa parkingi.

Birindwa alikuwa waziri. Zamani alikuwa mpinzani, tena mkali, enzi za Zaire, chama kilipokuwa kimoja na kila mtu akizaliwa mwanachama, apende asipende. Tai ilikuwa marufuku. Mwanamume wa heshima alivaa koti la chama, vifungo hadi kooni. Vyama vingi viliporuhusiwa, yeye na rafiki yake Callixte, mwalimu, waliandamana Bukavu na tai zao za kwanza. Baadaye wote wawili walipakiwa kwenye lori la askari. Birindwa alirudi.

Mke wa Callixte, Mama Emérance, alikaa mstari wa mbele na kitambaa cheusi kichwani. Kwao matanga hayaanuliwi kama kaburi halijulikani, na nyumba yenye matanga haipigi vigelegele. Binti yake Reine alikuwa anaolewa Juni. Mama wa watu hakutaka makubwa: aambiwe tu mumewe alizikwa wapi.

Waziri alipanda jukwaani, akasema demokrasia imefika, na tai yake ikafupika kidogo. Aliposema wapinzani wa siku hizi ni vibaraka, ikafupika tena. Alipofika kwenye umoja wa taifa, tai ilikuwa imeingia yote kooni, suti imegeuka koti la kahawia, na beji ya chama kilichokufa imechipuka kifuani. Hakuna aliyeshtuka. Jamani, washtuke nini? Koti hilo walilijua kabla ya kumjua yeye. Shemasi Habimana alipanda kumsaidia kufunga kifungo cha juu, maana kidevu kilikuwa kinazuia.

Emérance akasimama. "Papa Birindwa, wewe ulikuwa naye kwenye lori. Bwana yangu mlimzika wapi?"

"Mama, Callixte ni shujaa. Nchi nzima ni kaburi lake."

Loo, makofi hayo! Wala hayakuwa ya kanisani. Yalikuwa yale ya uwanjani, ya kumchezea ngoma mkubwa wa chama, na mikono ya wazee haikuwa imeyasahau. Mikono ya Emérance nayo ikaanza. Aliikalia, ikaendelea kupiga kiti. Aliuliza tena, lakini hata yeye hakuisikia sauti yake. Jambo hilo lilimuuma, lilimuuma sana.

"Merci, mama," alisema waziri.

Baada ya chakula watu walipanga foleni kupiga picha naye. Reine alimshika mama yake kiwiko, akamwambia kwa Kiingereza waende nyumbani.

"Hajanijibu," alisema Emérance, akaingia kwenye foleni.

Zamu yake ilipofika, waziri alimkumbatia begani kabla hajafungua mdomo. Mpiga picha akawaambia watabasamu, kisha akamwita anayefuata.