Kitambaa cha Bikizee

Kompyuta yangu tuliibandika jina Bikizee. Ukiiwasha asubuhi, unafagia kibanda, unapanga karatasi, unasalimiana na fundi viatu wa jirani mpaka habari za kwake ziishe, ukirudi bado inakukodolea kioo cheusi. Mgongo wangu umepindishwa na kuisubiri, siyo na kuchapa.

Ningeendelea kuivumilia, ila mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mteja wangu mkubwa, alinipa neno la mwisho. Alisimama mlangoni, mkoba kwapani, akaitazama Bikizee ikiganda katikati ya mtihani wa hesabu.

"Jumatatu naleta mitihani ya shule nzima," akasema. "Nikikuta mmegandiana tena, naipeleka ng'ambo ya barabara, kwa wenye mashine mpya."

Kazi ya shule ndiyo inayolipa pango la kibanda. Barua za kuomba kazi ni za kununulia chumvi.

Nikamwita shemeji, mdogo wake mume wangu, fundi kompyuta. Akakivua kitambaa chakavu kilichoifunika Bikizee, akakifanya tambara la kufutia vumbi, kisha akafungua ubavu na kupuliza. Tukapiga chafya wote.

"Shemeji, umeniita nitengeneze au nizike?"

"Tengeneza. Maneno yako hayaiongezei kasi."

"Inataka diski ya kisasa, hii imechoka. Na feni ya ndani nayo. Sikia inavyokoroma."

"Nina pesa ya kimoja tu."

"Kipi sasa?"

Mwalimu mkuu hakulalamikia koromo. Alilalamikia kusubiri. "Diski," nikasema.

Akakuna kichwa. "Haya. Lakini feni hii inaishi kwa roho ya kuazima. Iache ipate hewa, usije ukaisukumiza ukutani."

Alipomaliza, Bikizee iliwaka kabla sijakaa vizuri kitini. Nikaizima, nikaiwasha tena, kwa raha tu. Mgongo wenyewe ukajinyoosha kidogo.

Sasa, pale kibandani nakaa na mama mkwe. Yeye hupokea wateja na kubana karatasi pini. Mikono ikikosa kazi, hufuma. Hakuna chetu kilicho uchi: redio imevishwa, kiti kimevishwa, mpaka chupa ya chai ina shati lake. Alipoona kitambaa chake kimegeuzwa tambara, alichukua pochi yake. Alikwenda kununua uzi.

Jumatatu nikaikuta Bikizee imevaa kipya, cha uzi mzito, kimeshuka mpaka mezani.

"Mgeni anakuja," mama akasema. "Ulitaka aikute hivihivi?"

Kilikuwa kizuri, kwa kweli. Nami nilikuwa nimechoka tangu kuamka. Nikakumbuka maneno ya shemeji, nikatazama ukuta. Ukuta ulikuwa mbali. Nikaridhika.

Mwalimu mkuu alifika. Bikizee ikafungua mtihani wa kwanza papo hapo, akataka kutabasamu. Tulikuwa katikati ya darasa la tano koromo lilipogeuka mluzi, kisha kioo kikazima. Zii.

"Naona," akasema mwalimu mkuu, akauchukua mkoba wake.

Nikaligusa boksi la mashine. Lilichoma kama pasi.

"Mama! Kitambaa!"

"Kitambaa kimefanya nini?"

"Kinaibana pumzi!"

Nilijutia ile sauti, mbele ya mgeni. Mama aliinuka. Kisha akakivuta kitambaa chote kwa mkupuo mmoja, akaokota kipande cha boksi la karatasi, akaanza kuipepea Bikizee kama mtoto mwenye homa.

"Mwalimu, kaa," akasema bila kugeuka. "Hata wewe ukivikwa blanketi juani utaanguka."

Sidhani kama mwalimu mkuu huamrishwa mara nyingi. Alikaa.

Boksi lilipopoa nikaiwasha. Ikaamka hapo hapo, na hapo ndipo diski ilipolipa. Kwa ile ya zamani mwalimu angeshavuka barabara. Kazi haikupotea, kuishi na Bikizee kumenifundisha kuhifadhi kila mstari. Nikachapa, mama akapepea, akibadilisha mkono huu na huu, mpaka ukurasa wa mwisho ukatoka.

"Muhula ujao nakuja tena," mwalimu mkuu akasema akipokea bahasha. "Ila nikute feni. Usimchoshe mama wa watu."

"Nani kachoka?" mama akauliza, huku akijikanda bega.

Jioni nikaizima mashine. Mama akaligusa boksi kwa kiganja.

"Imepoa?"

"Imepoa, mama."

"Imelala?"

"Imelala."

Akakikung'uta kitambaa, akaifunika taratibu mpaka mezani. Akanitazama kwa jicho la pembeni.

"Au hata usingizini inataka hewa?"

Sikuwa na nguvu za kubishana, wala sababu. Nikashika pembe ya pili, tukakinyoosha.